Kuanza kukereza mbao kwa mashine bila kuumia

Vijana wanaokuja karakana yetu hapa Ngamiani, mjini Tanga, kutaka kujifunza kukereza huuliza maswali yaleyale. Fundi, nivae glavu? Fundi, niiweke kasi gani? Mbona patasi imenitoka mkononi? Nimeyajibu kwa mdomo miaka mingi, nimesimama kwenye maranda, randa ya jirani inapiga kelele na nusu ya maneno yanapotea njiani. Sasa nayaandika, uyasome umekaa, kabla hujaisogelea mashine.

Ninazungumzia mashine ya kukereza mbao, ile inayotoa miguu ya vitanda na meza, nguzo za ngazi, mipini na michi. Wengine wanaiita kerezo, wengine lezi. Mashine ya kukereza chuma ni ndugu yake, lakini ina taratibu zake na sitaigusa hapa. Ukitoka hapa kwenda karakana ya chuma, chukua nayo haya ya mavazi na ya umeme, maana huko ndiko yanakohitajika zaidi.

Jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Ajali karibu zote nilizoziona kwenye kerezo zilianza mashine ikiwa imezimwa: mti wenye ufa ulipandishwa, egemeo halikukazwa, shati halikufungwa mikono. Swichi ilipobonyezwa, jambo lilikuwa limeshaharibika. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu dakika tano za kabla ya kuwasha.

Majina ya sehemu za mashine

Upande wako wa kushoto kuna kichwa cha mbele. Hicho ndicho kinachozungushwa na mota, na ndani yake kunachomekwa kidude chenye meno kinachouma mti. Kulia kuna kichwa cha nyuma chenye ncha inayoushika mti upande wa pili, pamoja na gurudumu la kuisukuma ncha hiyo ikaze. Kati yake kuna egemeo, yaani chuma unacholazia patasi. Vyote vimekaa juu ya reli.

Mashine nyingi za mtaani kwetu zimeungwa na mafundi wa hapahapa: reli ya chuma cha pembe, mota iliyotolewa kwenye kitu kingine, puli mbili na mkanda. Zinafanya kazi vizuri. Shida yake kubwa ni mkanda kuwa wazi. Usijifunzie kwenye mashine ambayo mkanda na puli havijafunikwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwenye karakana afunike sehemu hatari za mashine, na hata kama sheria isingekuwepo, kipande cha bati na skrubu nne kinamaliza kazi hiyo asubuhi moja.

Vitu vya kuwa navyo

- Ngao ya uso ya plastiki, ile inayofunika paji hadi kidevu. Miwani peke yake hulinda macho, lakini mti ukiruka hauchagui macho.
- Barakoa ya vumbi. Ya kitambaa iliyobaki enzi za korona haitoshi. Tafuta ile ngumu yenye mikanda miwili.
- Patasi kubwa ya mfereji ya kutolea pembe, na patasi nyembamba ya kukatia. Mbili tu. Ile ya mshazari, yenye makali ya kulala upande, iache miezi miwili mitatu ya mwanzo. Ndiyo inayodakwa na mti kuliko zote.
- Jiwe la kunolea la umeme, na kikopo cha maji.
- Kalipa (kifaa cha kupimia unene), penseli, rula, nyundo ya mti, msumeno, msumari mmoja mkali.
- Msasa namba 80, 120, 180 na 240.
- Vipande vya mti wa kujifunzia, 50 kwa 50 milimita, urefu sentimita 30. Andaa kumi, maana utaviharibu.

Kuhusu mti wa kujifunzia, chukua paini au mwembe mkavu. Najua hapa Tanga mkono wa mtu hukimbilia mtiki, kwa kuwa shamba la Longuza liko Muheza na vipande vyake havikosekani mtaani. Mtiki ni mti mzuri na hukerezeka vizuri, lakini ndani yake mna chembe kama za mchanga zinazokula makali haraka, na mwanafunzi ambaye hajajua kunoa ataanza kuisukuma patasi butu kwa nguvu. Hapo ndipo balaa linapoingia. Mvule nao una lake: mara nyingine una mawe ndani yake, magumu kabisa, hayaonekani kwa nje, na patasi ikikutana nayo hupata pengo. Miti hiyo itakungoja.

Usitumie kabisa mbao za makreti na za nyumba zilizobomolewa, hata kama ni za bure. Msumari uliokatikia ndani hauonekani mpaka patasi iugonge.

Mavazi

Nianze na glavu, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la kila mtu. Usivae. Mtu huona glavu ni kinga, na kwa kubeba mbao ni kinga kweli. Kwenye kitu kinachozunguka, glavu ni kamba uliyojifunga mwenyewe. Mti ukiushika uzi mmoja wa glavu, hauuachii: huvuta kidole, kidole kikavuta kiganja, kiganja kikavuta mkono. Mkono mtupu ukigusa mti unaozunguka utachubuka, utauondoa kwa maumivu, utapona. Wenye glavu haupati nafasi ya kuondoka.

Shati liwe la mikono mifupi, au mirefu iliyokunjwa ndani na kubana juu ya kiwiko. Kanzu, msuli na kikoi vibaki nyumbani siku ya kazi. Ukitoka msikitini na kanzu yako, badilisha kwanza, hata kama kazi ni ya dakika mbili. Dada zetu wanaojifunza, na sasa wapo, mtandio ubane shingoni na ncha zake ziingie ndani ya koti la kazi. Kilemba kifupi cha kubana ni bora zaidi. Nywele ndefu na rasta zifungwe nyuma na zifunikwe. Pete, saa, bangili, mkufu, kamba ya kitambulisho, waya wa kusikilizia simu: vyote kwenye droo. Pete ya ndoa pia, mkeo ataelewa.

Miguuni viatu vya kufunika. Patasi ikianguka huanguka na makali chini, na ndala haizuii kitu.

Hatua kwa hatua

1. Chomoa plagi ukutani. Kila unachofanya kuanzia hapa hadi hatua ya 8, plagi iwe nje na uwe unaiona kwa macho yako.

2. Kagua mti. Uzungushe mkononi kwenye mwanga wa mlango. Tafuta ufa, fundo lililolegea, tundu la wadudu, msumari. Kisha ugonge kwa fundo la kidole: mti mzima hulia kavu na wazi, wenye ufa wa ndani hulia kama chungu kilichopasuka. Ukiwa na shaka, tupa jikoni ukapikie. Mti wa shilingi mia tano haustahili uso wako.

3. Tafuta kati. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe kwenye kila ncha ya mti. Inapokutana ndipo kati. Gonga hapo tundu dogo kwa msumari. Upande utakaokaa kwenye meno, pitisha msumeno juu ya mistari hiyo kwa kina cha milimita mbili tatu, meno yapate pa kuingia. Kosa la wengi ni kukadiria kati kwa jicho. Mti ulioenda pembeni milimita tano tu hutikisa mashine nzima.

4. Gonga meno yaingie mtini. Chomoa kidude cha meno kwenye kichwa cha mbele, kiweke juu ya mti, ukigonge kwa nyundo ya mti. Usiugonge mti ukiwa umeshapandishwa kwenye mashine, maana utaumiza beringi.

5. Pandisha na ukaze. Rudisha meno mahali pake, sogeza kichwa cha nyuma, ukifunge kwenye reli, halafu zungusha gurudumu mpaka ncha iingie kwenye tundu. Kaza, kisha legeza kidogo sana, kisha funga kitasa chake. Kama ncha ya nyuma ya mashine yako haizunguki na mti, na nyingi za kuungwa mtaani ziko hivyo, paka hapo grisi kidogo au nta ya mshumaa. Bila hiyo mti utaungua, utatoa moshi, tundu litapanuka na mti utalegea ukiwa katikati ya kazi.

6. Weka egemeo. Liwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka kwenye pembe ya mti iliyotokeza zaidi, na urefu wake ufikie usawa wa kati ya mti au chini yake kidogo. Kaza skrubu zote mbili, ya chini na ya juu. Nafasi ikiwa kubwa, patasi huinamia kwenye shimo lile na mti huivuta chini. Hapo ndipo mtu husema patasi imemtoka mkononi. Haikumtoka. Ilidakwa.

7. Zungusha mti kwa mkono. Duara moja kamili, taratibu, ukitazama pembe zote nne zinavyopita mbele ya egemeo. Halafu duara la pili. Zisiguse popote. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiniona nimesahau hatua hii anachomoa plagi na kunirudisha hatua ya kwanza, hata kama mteja amesimama mlangoni anangoja. Nilichukia wakati ule. Leo siwashi mashine kabla mkono wangu wa kushoto haujazungusha mti, hata nikiwa nimeuzungusha dakika moja iliyopita, na wanafunzi wangu nao nawarudisha vilevile.

8. Chagua kasi. Kwa kipande cha 50 kwa 50 kilicho bado na pembe, anza na mizunguko kati ya 600 na 800 kwa dakika. Mashine ya mkanda haina namba, kwa hiyo hesabu: soma kibao cha mota, nyingi huandikwa mizunguko kama 1,440. Kama puli ya mota ni inchi 3 na ya mashine ni inchi 6, mti utazunguka nusu yake, yaani 720. Panafaa. Ukishautoa pembe na umekuwa duara, unaweza kupanda hadi kama 1,440 kwa kuweka puli zinazolingana. Mti ukiwa mnene, kasi ishuke. Kipande cha milimita 50 kikizunguka mara 1,440 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kama baiskeli, kilomita 13 au 14 kwa saa. Sahani ya mti ya sentimita 30 kwa mzunguko huohuo, ukingo wake unapita kilomita 80 kwa saa. Fikiria kitu cha namna hiyo kikiachia usoni.

9. Washa ukiwa pembeni. Rudisha plagi. Vaa ngao. Simama upande wa kushoto, karibu na kichwa cha mbele, usisimame usawa wa mti. Washa, hesabu hadi kumi. Mti wenye ila huruka katika sekunde hizo za mwanzo. Tazama pia unakozunguka: kwa juu uje kwako, kwa mbele ushuke chini. Ukizunguka kinyume, zima, mwite fundi umeme ageuze nyaya za mota. Usijaribu kukereza hivyo hivyo.

10. Laza patasi kwenye egemeo kwanza, halafu ndipo iende kwenye mti. Mfuatano huu haubadiliki. Mtu akigusa mti kabla patasi haijalala juu ya chuma, mti utaishusha patasi kwenye egemeo kwa nguvu zake wenyewe, na vidole vilivyo katikati vitabanwa. Mkono wa kushoto uushike ubapa wa patasi nyuma ya egemeo, mkono wa kulia uushike mpini, na kitako cha mpini ukiegemeze kwenye nyonga yako. Miguu iachane kidogo. Ukisogea, sogea na kiwiliwili chote.

11. Gusa kwa mgongo wa makali kwanza. Chini ya makali ya patasi pana ule mteremko uliotokana na kunoa. Shusha mpini, ule mteremko uuguse mti, usikie unasugua bila kukata. Sasa inua mpini polepole. Patafika mahali makali yanaanza kula, na maranda yanatoka. Hapo ndipo penyewe, usiinue zaidi. Utaupata mkono huu baada ya vipande vitatu vinne. Maranda yakitoka marefu na mepesi, uko sawa. Ukitoka unga, unakwangua, au patasi ni butu.

12. Usianzie nchani. Anza sentimita tano hivi kutoka mwisho wa kulia, uisukume patasi kuelekea huko mwisho hadi itoke nje. Kisha rudi nyuma sentimita tano nyingine, usukume tena kwenda kulia. Endelea hivyo. Ukianzia nje kuingia ndani, makali yatabandua kibanzi kirefu kama mkuki, nacho kitakujia wewe. Sauti itakuongoza: mwanzo ni mlio wa tak-tak-tak wa pembe nne zinazogonga. Unapungua, unakuwa mvumo, mwisho unasikia sauti moja laini. Hapo mti umekuwa duara.

13. Zima, ngoja mti usimame wenyewe, ndipo usogeze egemeo. Kadiri mti unavyopungua ndivyo nafasi inavyoongezeka, kwa hiyo egemeo lazima lifuate. Wengi husogeza mashine ikizunguka ili kuokoa muda. Wengine hushika mti kwa kiganja ili kuusimamisha. Yote mawili hapana. Na kila ukisogeza, rudi hatua ya 7.

14. Pima na ukate. Mashine ikiwa imesimama, weka alama za penseli. Kisha kwa ile patasi nyembamba, ingia taratibu mpaka kina unachotaka, ukipima kwa kalipa. Pimia mti uliosimama. Mafundi wazoefu hupimia ukizunguka, nawe utawaona, lakini kalipa ikiuma mti huruka. Ukitengeneza mbonyeo au mkunjo, kata siku zote kutoka penye unene kushuka penye wembamba. Ukipanda, unakwenda kinyume cha nyuzi na mti utachanika.

15. Piga msasa. Ondoa egemeo kabisa, uliweke chini. Shika kipande kidogo cha msasa upande wa chini wa mti, kwa vidole vya juujuu, maana huko chini mti unakwenda mbali nawe: ukiunyakua msasa, utauondoa mkononi na vidole vibaki. Usiuzungushe msasa kwenye mti kama bendeji. Anza namba 80 kama kuna mikwaruzo, umalizie 240. Kupaka mafuta au vanishi mti ukizunguka, tumia karatasi laini ya kukatika, kamwe usitumie kitambaa.

Umeme ukikatika

Hili nimeliweka peke yake kwa sababu miongozo mingi ya mashine imeandikiwa watu ambao umeme wao haukatiki.

Swichi nyingi za mashine zetu ni zile za kawaida za ukutani. Umeme ukikatika, swichi inabaki ON. Ukirudi, mashine inaamka yenyewe bila kumwuliza mtu. Nilikuwa mwaka wangu wa pili wa kujifunza. Umeme ulikatika mchana, sikuzima. Nikaona ndiyo nafasi ya kutoa mti na kuugeuza. Nimeukumbatia mti kwa mkono wa kushoto, wa kulia unalegeza ncha ya nyuma, umeme ukarudi. Mti ulizunguka robo duara ndani ya kiganja changu, meno yakaachia, ukaanguka mguuni. Nilipata mshono wa nyuzi saba kati ya kidole gumba na cha shahada, na kovu lipo mpaka leo. Kama nisingekuwa nimeshalegeza ncha, meno yangeendelea kuushika mti, nao ungeendelea kuzunguka na mkono wangu.

Basi: umeme ukikatika, jambo la kwanza ni kuzima swichi, la pili kuchomoa plagi, ndipo utoke nje kupunga upepo. Ukiweza kuchanga fedha, weka swichi ya sumaku, ile ambayo umeme ukikatika hujizima na haiwaki mpaka uibonyeze tena kwa mkono. Kwangu mimi hiyo huja kabla ya patasi ya tatu.

Vumbi

Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yake. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana kifua, la mtiki na la mpingo pia huwaudhi wengi. Mashine ikae karibu na mlango au dirisha, upepo utoke mgongoni mwako kwenda nje. Barakoa ivaliwe tangu kwenye msasa mpaka umemaliza kufagia, kwa kuwa kufagia huinua vumbi laini kuliko kukereza.

Jicho likiingia kibanzi na kikabaki, usisugue wala usichomoe. Lifunike bila kulibana, mtu akupeleke hospitali ya Bombo au zahanati iliyo karibu mara moja.

Kunoa

Patasi butu ni hatari kuliko kali. Noa kabla ya kuanza, na kwa mtiki noa tena kila baada ya kipande au viwili. Kwa patasi kubwa ya mfereji, pembe ya nyuzi 45 inatosha. Iguse jiwe kwa wepesi, uizungushe kwa mwendo mmoja kutoka kona hadi kona. Kama patasi yako ni ya chuma cha kawaida, ichovye majini mara kwa mara: makali yakigeuka rangi ya buluu yameshakufa ugumu, itabidi uyale mpaka uivuke sehemu hiyo. Patasi zilizotengenezwa mtaani kwa springi ya gari zinakata vizuri, ila hakikisha mkia wake umeingia ndani kabisa ya mpini na mpini una pete ya chuma.

Na patasi hiyo kubwa ya mfereji ni ya kazi za kulala kama miguu na nguzo. Usiitumie kuchimbia bakuli. Mkia wake ni mwembamba, na kwenye bakuli huvunjika.

Mambo yakienda vibaya

*Mashine inatetemeka.* Zima. Mara nyingi mti haukupata kati, au bado una pembe na kasi ni kubwa. Shusha kasi. Ikiendelea, tazama boliti za miguu ya mashine, kisha weka mfuko wa mchanga juu ya fremu ya chini. Mashine nyepesi hutulia kwa mzigo.

*Meno yanazunguka, mti umesimama.* Ncha ya nyuma imelegea, au umesukuma patasi kwa nguvu mno. Zima, kaza. Kama meno yameshakula tundu pana, kata ncha ya mti na uanze upya.

*Mti unatoka na mawimbi kama ngazi.* Kwa mti mrefu na mwembamba, unapinda katikati unapousukuma. Punguza nguvu, noa patasi. Mguu wa kitanda wa sentimita 60 na zaidi unahitaji tegemeo la katikati, nayo si kazi ya mwezi wa kwanza.

*Nyuso zimechanika, zina manyoya.* Umekata kinyume cha nyuzi, au makali yameisha.

*Moshi upande wa nyuma.* Ncha haina grisi, au umekaza kupita kiasi.

*Kipande kilikuwa duara jana, leo kimekuwa yai.* Mti haukukauka. Hapa pwani, masika, mbao iliyoletwa na mvua huonekana kavu juu wakati ndani ina maji. Ianike kivulini penye upepo, itenganishwe kwa vijiti, usiiweke juani ikapasuka.

*Reli na egemeo vina kutu.* Hewa ya bahari hiyo. Futa kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mashine ikiwa imechomolewa. Egemeo lenye kutu au mapengo hufanya patasi ikwame wakati unaisogeza. Lipige tupa liwe laini.

*Mota inanguruma lakini haizunguki.* Zima papo hapo, usiisaidie kwa kuzungusha mti kwa mkono. Inaweza kuwa kapasita imekufa, au umeme umekuja hafifu. Chomoa, gusa mota kwa mgongo wa mkono: ikiwa ya moto, iache ipoe kabisa, umwite fundi umeme aipime kabla hujaiwasha tena.